Uzi: Mwizi wa samaki wa Antaktika hukamatwa wapi hasa?

Tezi na Omo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ukiibuka mjadala wa kulinda viumbe wa Bahari ya Kusini, ile inayoizunguka Antaktika, picha inayokuja ni moja: manowari, mawimbi ya kutisha, mlima wa barafu kwa nyuma, na nahodha mwizi anapiga chenga. Tamu kweli kusimulia. Ila nimezifuatilia kesi hizi kwa miaka, hadi kwenye hukumu, na nimegundua kwamba kule kwenye barafu karibu hakuna anayekamatwa. Anayekamatwa hukamatwa bandarini, tena kwa karatasi. Ndiyo hoja yangu, na nitaitetea.

Kwanza mali yenyewe. Samaki anayetafutwa ni tuthifishi, yaani samaki mwenye meno. Wapo wa aina mbili, wa Patagonia na wa Antaktika. Huyu wa Antaktika anaweza kuzidi urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 100, na damu yake ina protini zinazozuia barafu isimgande mwilini. Hana haraka ya maisha: hupita miaka 10 na ushee kabla hajaanza kuzaa. Sasa piga hesabu mwenyewe, ukifagia wakubwa leo, utasubiri mpaka lini? Kwenye hoteli za kifahari wa Patagonia aliuzwa kwa jina la kubandikwa, Chilean sea bass, na miaka ya 1990 wavuvi wakawa wanamwita dhahabu nyeupe.

Sheria ipo. Mkataba wa kuhifadhi viumbe hai wa bahari ya Antaktika ulisainiwa Canberra mwaka 1980, ukaanza kazi 1982. Tume yake, CCAMLR, ina makao yake Hobart, Australia, na wanachama 27. Inasimamia takribani sehemu moja ya kumi ya bahari zote za dunia. Inapanga viwango vya kuvua, inafunga maeneo, na imepiga marufuku jarife za kina kirefu. Kwenye makaratasi ni kati ya maeneo ya bahari kuu yenye kanuni kali zaidi.

Tatizo ni kwamba bahari kuu haina mwenyewe. Meli iliyo huko ni mali ya sheria za nchi ambayo bendera yake inapepea tezini. Wewe mwenye manowari unaweza kuiona, kuipiga picha, kuisemesha kwa redio, lakini kupanda bila idhini ya nchi ya bendera ni ugomvi wa kimataifa. Na mwizi anayejielewa hapeperushi bendera ya nchi yenye macho. Anakodi. Akibanwa, anabadili jina, anapaka rangi ubavuni, anakodi nyingine.

Chukueni mfano wa Thunder. Meli hii ilishapita kwenye bendera kadhaa, na Interpol walishaitolea tangazo mwaka 2013. Tarehe 17 Desemba 2014 meli ya Bob Barker, ya wanaharakati wa Sea Shepherd, iliikuta Antaktika ikiwa imetega jarife. Thunder ikakimbia, Bob Barker ikafuata. Meli ya pili ya wanaharakati, Sam Simon, ilibaki nyuma kuvuta nyavu zilizotelekezwa: zaidi ya kilomita 70 za nyavu zikitoka majini na samaki waliokufa, siku baada ya siku, mikono imeganda. Nigeria, nchi ya bendera wakati huo, ikaifuta Thunder kwenye daftari lake msako ukiendelea. Siku 110 baadaye, tarehe 6 Aprili 2015, Thunder ikazama kwenye maji ya São Tomé na Príncipe.

Hapa msipite haraka. Mabaharia 40 walishuka salama kwenye maboya. Waliofukuza wakapanda meli ile ikiwa inaenda chini, wakakuta milango ambayo kwenye dharura hufungwa ili kuzuia maji imefungwa kwa kamba ili IBAKI WAZI. Wakaokota simu, kompyuta na hati, wakaruka. Meli ilipomezwa, nahodha wake alisikika akishangilia. Mtu anashangilia chombo chake kuzama! Ushahidi ulikuwa unaenda chini kilomita kadhaa, ndiyo sababu.

Nani aliyemhukumu? Si Australia, si New Zealand, si tume ya Hobart. Ni mahakama ya São Tomé, nchi ya visiwa kwenye ikweta, isiyo na barafu wala tuthifishi. Nahodha na wahandisi wawili walipatikana na hatia, faini ikazidi euro milioni 15.

Linganisheni na manowari. Januari 2015 meli ya kivita ya New Zealand, HMNZS Wellington, ilizikuta meli nyingine tatu za wizi huo huo, Kunlun, Songhua na Yongding, zikivuta nyavu waziwazi. Ikarekodi kila kitu. Zile meli zikakwepa kukaguliwa, Wellington ikarudi nyumbani mikono mitupu. Miezi miwili baadaye Kunlun hiyo hiyo, ikiwa na jina jingine ubavuni, ikanaswa Phuket, Thailand, inashusha shehena iliyoandikwa kwamba ni chewa. Maafisa wa bandarini walifanya ambacho manowari ilishindwa. (Baadaye iliponyoka Phuket ikabidi inaswe tena Senegal, lakini ndiyo mjue bandari nazo si zote zimekaza.)

Jina langu humu si la bure. Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwizi atazunguka barafu yote, lakini samaki ataoza asipouzwa, na meli itahitaji mafuta. Lazima aje bandarini.

Nawasilisha. Karibuni mnipinge.

---

Kasia

Ngoja nitandike mkeka kabisa, uzi umeshiba huu.

Swali la mtu asiyejua sheria: mbona nilisikia Australia iliwahi kuifukuza meli mpaka upande wa pili wa dunia na ikaikamata? Hiyo si baharini?

---

Tezi na Omo

Mkuu Kasia, unaongelea Viarsa 1, Agosti 2003. Meli ya doria ya Australia, Southern Supporter, iliikuta karibu na kisiwa chake cha Heard, ikaifuata siku 21, maili za baharini karibu 3,900, katikati ya dhoruba na barafu. Ikanaswa Atlantiki ya Kusini kwa msaada wa meli za Afrika Kusini na Uingereza. Tuthifishi zaidi ya tani 90 ndani.

Kilichoiruhusu ni kwamba ilianzia ndani ya eneo la uchumi la Australia, yaani bahari ambayo haki ya uvuvi ni yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, kifungu cha 111, unasema ukianza kumfukuza mtu ndani ya eneo lako unaweza kuendelea mpaka bahari kuu, mradi usimwachie. Ukikatiza, umekwisha. Akiingia kwenye maji ya nchi yake au nchi ya tatu, umekwisha pia.

Sasa mwisho wake, ambao wasimuliaji wengi huuruka. Mabaharia watano walishtakiwa Perth. Baraza la kwanza la mahakama halikuafikiana. La pili, mwaka 2005, likawaachia huru. Samaki walikuwepo, vifaa vilikuwepo, mbio ndefu za kutisha zilikuwepo, lakini hakuna shahidi aliyeona ndoana yao ikiwa majini ndani ya mpaka. Wakarudi makwao.

Hata unaposhinda, kifungu cha 73 kinakubana: chombo na watu lazima waachiwe upesi kwa dhamana ya wastani, na kifungo kwa kosa la uvuvi hakiruhusiwi kama nchi hazijakubaliana hivyo. Mwaka 2000 Ufaransa iliikamata Monte Confurco, bendera ya Shelisheli, karibu na visiwa vyake vya Kerguelen, tani 158 za tuthifishi tumboni. Ikadai dhamana faranga milioni 56.4. Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ikaishusha mpaka milioni 18. Wanasheria hubishana kama ilikuwa haki. Mimi naona mahakama ilifuata maandishi, na maandishi yenyewe yaliandikwa wakati ambapo mvuvi haramu alidhaniwa kuwa mtu mmoja mwenye njaa aliyepotea mpaka, si kampuni yenye mawakili.

---

Mshipi Mrefu

Mleta uzi umeandika vizuri ila umeniudhi kidogo. Unaongelea manowari na bandari, umewaruka kabisa watu wanaosimamia sheria hizi kila siku. Nimekaa safari mbili kule kama mwangalizi kwenye meli halali ya mshipi mrefu, ule wenye ndoana nyingi. Sitaitaja meli.

Kila meli iliyopewa kibali cha tuthifishi hubeba mwangalizi. Huna bunduki wala pingu. Una kalamu, rula ya samaki, na chupa.

Naam, chupa. Kanuni inataka ndoana zitegwe usiku ili albatrosi, ndege wa baharini, wasizikimbilie chambo zikiwa bado juu. Lakini majira ya joto kwenye Bahari ya Ross jua halizami! Usiku utautoa wapi? Basi ruhusa ya kutega mchana inatolewa kwa sharti kwamba mshipi uzame kwa kasi isiyopungua mita 0.3 kwa sekunde. Unapimaje? Unachukua chupa ya plastiki, unaifunga kamba ya mita 10, ncha ya pili unaibana kwenye mshipi unaposhuka tezini, unabonyeza saa. Chupa inaelea, inaelea, halafu inavutwa chini ghafla. Ikichelewa kuzidi sekunde 33 hivi, nahodha aongeze uzito au asitege. Nimesimama tezini na upepo unachoma masikio, navizia chupa ya plastiki kama mtoto anavizia boya la ndoana, na nyuma yangu nahodha anahesabu hasara.

Halafu vibandiko, yaani alama za utafiti. Kwenye Bahari ya Ross, kila tani unayovua lazima samaki mmoja arudishwe hai akiwa na vibandiko viwili karibu na pezi la mgongoni. Mabaharia hutamani kurudisha wadogo, wakubwa ni pesa. Kanuni inadai waliorudishwa wafanane kwa ukubwa na waliobaki. Ugomvi wangu mkubwa na msimamizi wa sitaha ulikuwa kuhusu samaki mmoja wa urefu wa mtu aliyekuwa mzima kabisa. Alirudi majini. Tulinuniana siku nne.

Mnasema sheria haifanyi kazi? Miaka ya 1990 mishipi kuzunguka kisiwa cha South Georgia iliua ndege kwa maelfu kwa msimu. Kwa meli halali leo ni wachache mno. Hakuna manowari iliyofanya hilo.

---

Tezi na Omo

Mkuu, nimekubali kipigo. Hilo la chupa sikulijua kabisa.

---

Jicho Kavu

Naona mnapongezana. Mimi nina mashaka mawili.

Moja, Sea Shepherd si polisi. Mnaposhangilia watu binafsi kufukuza meli miezi mitatu, kesho mwenye chombo yeyote atajipa kazi hiyo.

Mbili, hao wezi wa bendera za kukodi ni wa zamani. Mbona hamsemi kuhusu wakubwa waliomo ndani ya tume yenyewe?

---

Tezi na Omo

La kwanza tunakubaliana nusu. Kufukuza walifukuza wao, lakini hawakukamata mtu. Na mtindo ulibadilika baadaye, wakawa wanabeba maafisa wa serikali husika. Machi 2018 meli ya wizi wa tuthifishi, STS-50, iliyowahi kuitwa Andrey Dolgov na pia Sea Breeze 1, ilizuiwa Maputo ikatoroka. Kenya, Tanzania, Msumbiji, Shelisheli na jirani zao walikuwa wanapeana taarifa kupitia mtandao wa FISH-i Africa. Ocean Warrior, meli ya Sea Shepherd iliyokuwa kwenye doria na Tanzania, Operesheni Jodari, ikaifuata hadi karibu na Shelisheli. Aprili jeshi la wanamaji la Indonesia likaikamata. Ilidai bendera ya Togo, Togo ikasema ilishaifuta. Meli isiyo na bendera haina wa kuitetea, ndipo Indonesia ilipopanda bila kuomba ruhusa kwa mtu. Yaani mwizi wa Antaktika kanaswa na nchi za joto tupu.

La pili umegusa kidonda. Januari 2020 ndege ya doria ya New Zealand iliipiga picha meli ya Urusi, Palmer, kwenye sehemu iliyofungwa ya Bahari ya Ross. Urusi ikaleta data za satelaiti zinazoonyesha meli ilikuwa mamia ya maili mbali na pale. Picha hii, data ile. New Zealand ikataka Palmer iingizwe kwenye orodha nyeusi. Lakini tume huamua kwa maafikiano ya wote, mmoja akisema hapana basi. Urusi ikasema hapana. Meli haikuorodheshwa.

Thunder hakuwa na kiti Hobart. Palmer alikuwa nacho. Hapo hoja yangu ya bandari inachechemea, nakiri, kwa sababu meli yenye nchi nyuma yake inaingia bandarini na karatasi safi.

---

Jicho Kavu

Asante kwa kukiri. Na eneo la hifadhi la Bahari ya Ross nalo lilichukua miaka mingapi kupitishwa?

---

Tezi na Omo

Mazungumzo ya miaka mitano hivi. Likapita Oktoba 2016, likaanza Desemba 2017, kilomita za mraba milioni 1.55, kwa muda wa miaka 35. Mapendekezo ya Antaktika Mashariki na Bahari ya Weddell yamekwama tangu hapo, Urusi na China hazikubali. Waliitana hata kikao maalumu Santiago, Juni 2023, wakatoka kama walivyoingia.

---

Bi Nanga

Hodi kaka zangu. Mmekaa Kusini tu. Na Aktiki je? Kule si kuna nchi zenye maji yao na walinzi wa pwani?

---

Tezi na Omo

Karibu dada. Kule kuna wenyewe, na bado kuna vituko. Oktoba 2005 walinzi wa pwani wa Norway walipanda meli ya uvuvi ya Urusi, Elektron, karibu na visiwa vya Svalbard, wakagundua nyavu zisizoruhusiwa, wakaiamuru iende bandarini. Nahodha akaitikia vizuri tu, kisha akageuza omo akakimbilia Urusi, na wakaguzi wawili wa Norway WAKIWA NDANI. Siku kadhaa za dhoruba, meli na helikopta za Norway nyuma, hakuna anayethubutu kufanya kitu kwa kuogopa kuwadhuru watu wao. Walirudishwa salama kupitia kwa Warusi.

Ila katikati kabisa ya Aktiki, kwenye bahari kuu, wamefanya kitu ambacho nakipenda. Oktoba 2018, Ilulissat, Greenland, nchi husika zilisaini makubaliano kwamba hakuna uvuvi wa kibiashara kwenye kilomita za mraba milioni 2.8 kwa miaka 16 ya mwanzo, ambayo ilianza kuhesabiwa Juni 2021. Wakati huo wa kusaini hakukuwa hata na meli moja inayovua pale, barafu ilikuwa bado inazuia. Wamefunga mlango kabla mwizi hajajua kuna nyumba.

---

Bi Nanga

Kufunga kabla hakujafunguliwa ni rahisi kaka, hakuna mtu wa kulalamika kapoteza mtaji.

---

Tezi na Omo

Ndiyo maana ilipita, dada.

---

Mshipi Mrefu

Mmesahau krili, jamii ya uduvi. Watu hawalii kwa ajili ya krili kwa sababu ni mdogo kama kidole, lakini nyangumi, pengwini na sili wa kule wanamtegemea yeye. Na kwenye krili hakuna Thunder, hakuna wa kufukuza.

Kwenye Atlantiki ya upande wa Antaktika kikomo ni tani 620,000 kwa msimu. Kwa miaka kikomo hicho kiligawanywa kwa maeneo, rasi ya Antaktika ikiwa na tani 155,000, ili meli zote zisirundikane pamoja. Kanuni ya mgawanyo ilikuwa na tarehe ya mwisho. Mwaka 2024 wakashindwa kuafikiana kuihuisha, ikafa. Kikomo cha jumla kikabaki bila mgawanyo.

Msimu uliofuata tani 620,000 zikatimia. Uvuvi ukafungwa Agosti 2025, mapema, kwa mara ya kwanza katika historia yake.

---

Kasia

Ngoja nielewe. Hizo meli za krili zilivunja sheria gani?

---

Mshipi Mrefu

Hakuna. Zilikuwa na vibali, waangalizi, na vifaa vya satelaiti vikiwa vimewashwa. Zilirundikana kando ya rasi, penye krili wengi, na penye krili wengi ndipo nyangumi wanapokula. Tangazo la kufunga lilipotoka, zikakunja nyavu zikaondoka.